Kigimbi Kikikubana Usiku

Kigimbi kikikaza ghafla usiku wa manane, usianze kukikanda. Nyoosha goti kabisa, kisha vuta vidole vya mguu kuelekea kwenye ugoko. Mkono usipofika, pitisha kanga au taulo chini ya unyayo, karibu na vidole, ushike ncha zote mbili na kuvuta polepole. Usiachie mara tu maumivu yanapopungua. Ngoja lile donge gumu lilegee, la sivyo msuli utajikaza tena.

Wengi hukosea kwa kukunja goti. Msuli mkubwa wa kigimbi unaanzia juu kidogo ya goti na kuishia kisiginoni, kwa hiyo goti likikunjwa msuli unalegea kwa juu na hauvutiki, hata uvute vidole namna gani. Ukiweza kusimama, afadhali zaidi: kanyaga chini, kisigino kisinyanyuke, uegemee mguu huo. Msuli ukishaachia ndipo ukande, au uweke taulo lililolowekwa maji ya moto ya kadiri. Kigimbi kuuma mpaka kesho yake ni kawaida.

Tukilala, vidole huelekea chini na kigimbi hukaa kimefupika, hivyo ni rahisi kujikaza. Basi usichomeke shuka au blanketi kwa kubana miguuni, na anayelala kifudifudi atokeze nyayo nje ya godoro. Uchovu wa kutwa, ujauzito, umri mkubwa, ugonjwa wa figo na baadhi ya dawa, hasa za kukojosha anazopewa mwenye presha, huongeza tatizo. Dawa usiiache mwenyewe, mwambie daktari.

Kila usiku kabla ya kulala, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani, rudisha mguu mmoja nyuma na uinamie mbele, kisigino kikiwa chini. Hesabu sekunde 10 hadi 30, mara 3 kila mguu. Jipe wiki 6 kabla ya kusema haisaidii.

Wengi husema ndizi huzuia tatizo hili: kula tu, ila usiitegemee. Kwinini, dawa ya malaria, usiguse kwa ajili ya hili: inaweza kushusha chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda) na kuvuruga mapigo ya moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya hivyo mwaka 2006.

Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na maumivu hayaachii, huenda damu imeganda kwenye mshipa. Usiuvute wala kuukanda. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukianza kukosa pumzi au kuumwa kifua, ni dharura.