Penseli ya Roboti, Brashi ya Mfinyanzi: Namna ya Kuzungushia Bakuli Nakshi

Anayezungushia bakuli maua 12 kwa kukadiria kwa jicho hujikuta mara nyingi ua la mwisho limebanwa. Hapo ndipo roboti inapomfaa mfinyanzi: impimie nafasi kwa mistari ya penseli, naye achore maua kwa mkono wake.

Tumia bakuli lililokwisha kuchomwa mara ya kwanza kwa nyuzijoto zinazokaribia 1000, kwani uso wake huwa mgumu lakini bado unakwaruza kidogo na kushika penseli. Mashine yenyewe ni ndogo: mota moja ya hatua (inayozunguka kidogo kidogo kwa hatua zinazohesabika) ya kuzungusha bakuli, nyingine ya kupandisha na kushusha penseli, na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo, ya kuziongoza. Mota nyingi za aina hii hukamilisha mzunguko kwa hatua 200, na kila hatua ikigawanywa mara 16 zinapatikana 3200. Kwa bakuli lenye mzingo wa sentimita 32, kila hatua ni milimita 0.1. Ukigawa 3200 kwa 12 unapata 266 na masalio, kwa hiyo iagize programu ihesabu kila mstari kutoka mwanzo, isiongeze 266 juu ya 266, la sivyo mwishoni utapungukiwa hatua 8.

Bakuli lililofinyangwa kwa mkono halina duara kamili. Sogeza ncha ya penseli karibu na mdomo wake, lizungushe taratibu huku ukitazama mwanya, kisha lisukume kidogo kidogo mpaka mwanya ulingane pande zote kadiri inavyowezekana. Tofauti itakayobaki ni umbo la bakuli lenyewe, wala haipaswi kusahihishwa. Ifunge penseli kwenye springi laini ili ifuate mabonde na vilima hivyo bila kukandamiza.

Mistari ikikamilika, zima mashine. Koroga oksaidi ya chuma na maji, jaza brashi vizuri, anza kila ua chini kwa kuikandamiza, kisha iinue polepole kuelekea ncha. Bakuli la namna hii hufyonza maji upesi, na brashi huanza kukauka katikati ya ua. Mkono huhisi mkwamo huo papo hapo na kuongeza kasi, jambo ambalo mashine hii haiwezi, na ndiyo sababu simkabidhi roboti brashi.

Paka glezi (mpako unaogeuka kioo ukichomwa) angavu isiyo na madini ya risasi, kisha choma tena kwa joto linaloifaa. Mistari ya penseli itateketea tanurini, na juu ya bakuli yatabaki maua uliyoyachora kwa mkono.