Mtoto anayechelewa kuelewa: mahali pa kuanzia

Mzazi akinijia kusema mwanawe haelewi, kwanza humwomba ampeleke akapimwe masikio na macho. Mimi ni mwalimu wa watoto wenye ulemavu wa akili, na hatua hii naisisitiza kuliko zote: mtoto asiyesikia vizuri hukaa kimya, hajibu, na hachelewi kuitwa mzito. Muulize daktari pia kuhusu kifafa na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo. Huo wa pili ukigunduliwa wiki za mwanzo baada ya kuzaliwa, dawa huukinga ubongo.

Ukisubiri miadi, weka daftari. Usiandike kwamba ni mvivu au mkaidi, andika alichofanya. Anavua viatu mwenyewe ila kuvaa hawezi. Ukimtuma vitu viwili, huleta kimoja. Andika alianza lini kukaa, kutembea na kutamka maneno. Kama kuna jambo alilokuwa akiliweza na sasa limempotea, mpeleke kwa daktari mara moja, usingoje miadi.

Mtaalamu hutazama uwezo wa kufikiri pamoja na jinsi mtoto anavyojimudu nyumbani, shuleni na kati ya watu. Alama za kipimo cha akili zikiwa karibu 70 au chini hazitoshi peke yake kusema ana ulemavu wa akili. Tangu 2013, DSM-5, mwongozo wa Marekani ambao wataalamu hutumia kutambua matatizo ya akili, hupanga uzito wa ulemavu huu kwa kujimudu, si kwa alama. Akipimwa kwa lugha asiyoizungumza nyumbani, omba arudiwe.

Kufundisha kusisubiri majibu. Mimi huanzia mwisho wa kazi. Chukua shati lenye vifungo vikubwa, pitisha kifungo nusu kwenye tundu, kisha mwachie akivute kitokee. Amemaliza yeye, na uso wake utakuonyesha kwamba anajua. Akizoea, mwachie asukume pia. Kulitafuta tundu mwenyewe kuje baadaye kabisa. Maneno yawe yaleyale, “sukuma, vuta”, na kila anayemvisha ayajue. Akihangaika, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kunyoosha mkono. Hapa wazazi wengi hushindwa kwa huruma, nami nawaelewa, lakini mkono wako ukiwahi, wake hautajifunza.

Shuleni, omba lengo moja linaloonekana kwa macho, mfano kuandika jina lake bila kunakili, na mpange na mwalimu tarehe ya kulikagua.