Kabla hujalipia nyumba Nairobi, imwagie maji kwanza

Nikiitwa kukagua nyumba inayouzwa, mkoba wangu hauna maajabu: ndoo ya lita 20, matambara mawili, tochi, testa, bisibisi na kichupa cha rangi ya keki. Wauzaji huniangalia wakacheka. Majuzi mlinzi wa korti moja ya nyumba kule South C aliniuliza, "Fundi, umekuja kununua ama kufua?" Nikamwambia nimekuja kufua, na nyumba ikichuja rangi tutajua.

Mimi ni fundi wa mabomba. Kazi nyingi ninazoitiwa na watu waliohamia juzi ni za shida zilizokuwepo siku waliyotia sahihi, na karibu zote zina mzizi mmoja: maji hayaji, maji hayaondoki, au maji yanapita pasipo pake. Ndiyo maana nyumba huikagua kwa kufuata maji tangu yanapoingia getini hadi yanapotoka. Haya unaweza kuyafanya mwenyewe, na hayahitaji cheti.

Hatua ya 1: Nenda siku ambayo hukualikwa

Broka atakuita Jumapili saa nane mchana. Jua linawaka, tenki lilijazwa jana, sakafu imepigwa deki. Nenda, lakini usiishie hapo. Rudi siku ya kazi saa kumi na mbili asubuhi, wakati ghorofa nzima inaoga. Ukiweza, rudi tena mvua ikinyesha au kesho yake. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Nyumba inayouzwa Januari ikiwa imepakwa rangi juzi huwa siiamini hadi nimeigusa.

Kabla hujabisha geti, nunua nyanya kwa mama mboga wa pale kona. "Mama, huku maji huja siku gani?" Mmoja alinijibu bila kuinua macho kwenye sukuma aliyokuwa akikata: "Alhamisi usiku. Ukilala, umekosa." Muuzaji alikuwa ametuambia maji huja "karibu kila siku". Kampuni ya maji ya jiji hutoa ratiba ya mgao kwa kila mtaa, nayo uitafute, lakini mama mboga ndiye anayejua kama ratiba hufuatwa. Usidanganyike pia kwamba mvua ikinyesha mgao umekwisha. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kule Murang'a. Bwawa linaweza kujaa pomoni na mfereji wako ukabaki mkavu, kwa sababu maji lazima yasafishwe na kupitia mabomba ambayo jiji limeshayazidi.

Hatua ya 2: Soma mita

Hii ifanye siku ambayo maji yapo, maana mita ya siku kavu haisemi kitu. Tafuta kisanduku cha mita karibu na geti, fagia buibui, ufungue kifuniko. Funga mifereji yote ya nyumba, kisha funga valvu inayoingiza maji kwenye tenki, la sivyo tenki linalojaa litakuchanganya. Sasa chutama uangalie uso wa mita. Kando ya tarakimu kuna kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Kikitulia tuli kwa dakika kumi, bomba kati ya mita na tenki ni zima. Kikizunguka, hata polepole kama mshale wa saa iliyochoka, maji yanamwagika ardhini mahali usipopaona, na bili utalipa wewe. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20.

Upande wa pili, kutoka tenki hadi mifereji, hauonekani kwenye mita. Panda juu ukiwa na kipande cha chaki. Valvu ikiwa bado imefungwa na hakuna anayetumia maji, weka alama ya usawa wa maji ndani ya tenki. Rudi baada ya saa moja. Yakiwa yameshuka, kuna mahali yanatoka.

Kwenye ghorofa, uliza kama kila nyumba ina mita yake ama bili hugawanywa. Mkigawana sawasawa, utalipia jirani mwenye biashara ya kufua mazulia.

Hatua ya 3: Ndoo na saa ya simu

Weka ndoo chini ya mfereji wa jikoni, fungua hadi mwisho, bonyeza saa. Lita 20 zikijaa chini ya dakika mbili, mimi huridhika. Zikichukua dakika nne au tano, uliza kwa nini. Huenda tenki liko chini mno: maji yanahitaji kuinuliwa mita 10 ndipo yapate msukumo wa baa moja tu (baa ni kipimo cha msukumo), kwa hivyo bafu la ghorofa ya juu kabisa, lililo mita mbili chini ya tenki, litatoa machozi hadi ununue pampu. Au huenda mabomba ni ya chuma ya zamani. Nyumba za miaka ya 1970, kama zile za Buruburu, ukikuta bado zina mabomba yake ya kwanza, ndani yake kutu imejaa hadi tundu limebaki kama la kalamu. Kinga maji ya kwanza ya asubuhi kwa kikombe cheupe. Yakitoka ya hudhurungi kisha yakasafika baada ya muda, hiyo ni kutu ya bomba. Kubadilisha mabomba ya nyumba nzima kunamaanisha kupasua kuta na vigae, kwa hivyo hilo jambo liingie kwenye bei.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya tenki

Watu wanne wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku ni lita 400. Maji yakija mara moja kwa wiki, unahitaji karibu lita 2,800 ili usiite boza, lori la maji. Sasa linganisha na lile tenki la lita 1,000 unaloonyeshwa kwa fahari.

Wakisema kuna kisima cha kuchimbwa, usifurahi haraka. Omba kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na matokeo ya maabara. Visima vingi vya Nairobi vina floridi nyingi, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Floridi haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa mvuke ndiyo huzidi kukolea. Ikizidi, meno ya watoto wanaokua hufanya madoa ya hudhurungi yasiyosugulika. Ya kufulia na kuoga, sawa. Ya kunywa, tafuta mengine ama ununue mtambo wa kuchuja unaoweza kuitoa floridi yenyewe, maana chujio la kawaida haliiwezi.

Hatua ya 5: Choo na bafu, hapa chukua muda wako

Tia matone machache ya rangi ya keki ndani ya tenki la choo, usivute maji, uende ukafanye mengine kwa nusu saa. Ukirudi ukakuta bakuli limepata rangi, mpira wa chini haufungi. Kuubadilisha ni kazi ndogo, lakini inakuonyesha jinsi nyumba ilivyotunzwa.

Kisha bafu. Ziba tundu la sakafuni kwa tambara, mwaga maji yafike kina cha kama sentimita mbili, weka alama ya penseli ukutani, uyaache saa mbili au tatu. Mwombe ruhusa muuzaji kwanza. Akikataa, umepata jibu bila kumwaga maji. Baadaye angalia alama kama imeachwa juu, uguse ukuta wa nje ya bafu, na kama ni ghorofa, shuka ubishe hodi chini. "Hodi mama, samahani, tunataka kununua nyumba ya juu. Tunaweza kuona dari la bafu lako?" Watu hukubali, tena kwa furaha, kwa sababu mwenye kuvujiwa huwa na mengi ya kusema.

Kule Kilimani nilikagua nyumba iliyokuwa na dari jipya la jipsamu bafuni, vyumba vingine vikiwa na zege tupu lililopakwa rangi. Kwa nini bafuni tu? Nikapanda kiti, nikabonyeza pembeni karibu na bomba la choo cha juu. Kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai. Muuzaji akasema, "Hiyo ni mvuke ya kuoga." Nyumba ilikuwa haijakaliwa miezi minne. Tangu siku hiyo, kitu chochote kipya mahali pamoja tu, kama ubao ukutani, kabati lililosogezwa au zulia kwenye pembe, mimi hukifunua.

Hatua ya 6: Kuta na udongo ulio chini yake

Uliza nyumba imekalia udongo gani. Westlands na kuelekea Kiambu mara nyingi ni udongo mwekundu, na huo si msumbufu. South C, Embakasi, sehemu za Lang'ata hadi Syokimau ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukinywa maji hufura na ukikauka husinyaa. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuchimba hadi mwamba huinuka na kushuka kila msimu, na ushahidi huandikwa kwenye pembe za madirisha na milango: nyufa za mshazari, kama ngazi. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta tu zisikukoseshe usingizi. Ufa unaoingiza sarafu, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, mwite mhandisi wa majengo. Mimi si mhandisi na huwa sijifanyi.

Inama uangalie sentimita 50 za chini za ukuta. Rangi iliyofura vimalengelenge na unga mweupe kama chumvi ni dalili kwamba maji yanapanda kutoka msingini. Weka kiganja: ukuta mkavu una ubaridi wa kawaida, ulio na unyevu hunata. Kuna wanaopaka rangi ya mafuta sehemu hiyo pekee ili kuficha, kwa hivyo ukikuta mkanda unaong'aa chini ya ukuta usiong'aa, uliza.

Hatua ya 7: Maji yanaenda wapi

Nje, fungua mifuniko ya mashimo ya maji taka. Mwenzako avute choo na kufungua mifereji yote pamoja, wewe usimame hapo na tochi. Maji yapite mbio, yaishe. Yakisimama, au ukiona alama za uchafu zimepanda kwenye kuta za shimo, bomba la maji taka huwa linaziba. Kama mtaa haujaunganishwa na bomba la jiji, uliza shimo la maji taka linavutwa kila baada ya muda gani, na kama lori la kunyonya lina njia ya kufika. Nimeona geti lililojengwa vizuri sana, lori halipiti.

Kisha tembea mita 200 kila upande utafute bonde na mto. Kisheria ukingo wa mto haujengwi, na waliojenga humo walibomolewa mwaka 2018, na wengine baada ya mafuriko ya 2024. Kijito kinachorukwa na mbuzi Januari si kile kile cha Aprili. Tafuta mistari ya tope kwenye kuta za majirani. Na ukiona alama ya X nyekundu, ile ya nyumba za kubomolewa, iliyofunikwa kwa rangi haraka haraka, geuza gari.

Hatua ya 8: Stima, kwa kifupi

Hili ni la fundi wa stima mwenye leseni, lakini mambo matatu unaweza kuyaona. Washa shawa ya stima, jiko na pasi pamoja: taa zisififie, swichi kuu isianguke. Chomeka chaja kwenye kila soketi. Na uangalie kama waya wa athi, ule unaopeleka stima iliyovuja ardhini, upo kweli, si kwamba soketi ina tundu la tatu tu. Namba ya mita ya tokeni iandike.

Hatua ya 9: Karatasi

Za hati mwachie wakili wako, wako si wa muuzaji. Atafanya utafutaji rasmi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni uliozinduliwa 2021, na atauliza malipo ya ardhi na ada za kaunti. Kwa fleti, aulize hati ya nyumba yako mwenyewe chini ya sheria ya umiliki wa sehemu ya mwaka 2020. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, nao huwa haumo kwenye bei uliyotajiwa. Mimi hapo huongeza moja tu: namba ya akaunti ya maji. Deni la mwenye nyumba wa zamani likibaki kwenye akaunti, fundi wa kukata hatamtafuta yeye. Atakuja getini kwako.

Ukimaliza, usimwambie muuzaji "nyumba ni mbaya". Mpe karatasi: mpira wa choo, mita kumi za bomba, plasta ya ukuta wa nyuma, bei ya vifaa na ya fundi kando ya kila moja. Muuzaji wa ile nyumba ya South C alisoma karatasi yangu mara mbili, akamwita mlinzi amsaidie kuinua mfuniko wa shimo, akachungulia mwenyewe. Akanyamaza kidogo. "Fundi," akasema, "na ukinitengenezea hii yote, unaweza kuanza lini?" Nikamwambia kwanza aongee bei na mnunuzi wangu, halafu mimi na yeye tutaongea.