Bloku ya IP kuwa namba: futa biti za mwisho kwanza

Wakuu, kwa wale mnaoandika programu za waifai ya vocha, hii imenila usiku mzima hapa Mwanga, Kigoma. Ukipewa bloku (kundi la anwani za IP zinazofuatana) kama 192.168.10.0/22, ambapo 22 ni idadi ya biti za mwanzo zisizobadilika kati ya biti 32 za anwani, usidhani inaanzia hapo kwenye 10.0, hapana, inaanzia 192.168.8.0 inaenda mpaka 192.168.11.255, kwa hiyo kabla ya kitu chochote futa kwanza zile biti 10 za mwisho ziwe sifuri ndo upate mwanzo. Hiyo 10 ni 32 toa 22, na 2 kipeo cha 10 ni 1024, yaani bloku ina anwani 1024. Ukiigeuza anwani kuwa namba moja nzima, mwanzo ni 3232237568 na mwisho unajumlisha 1023 (sio 1024, hapo ukikosea unaingiza anwani ya bloku ya jirani) unapata 3232238591.

JavaScript ndo ina mtego mbaya, ukitumia & kufuta hizo biti namba inatoka hasi, malizia na >>> 0 irudi kuwa chanya. Kwenye Java hiyo namba ihifadhi kwa long (aina ya namba kubwa), MySQL weka INT UNSIGNED (namba isiyo na hasi). Wa Python mna moduli ya ipaddress inafanya yote, ila weka strict=False la sivyo bloku kama hii inaigomea.