Muti ya lupango unaichagua mu mwezi wa munane, haiko wakati ya mvula

Kila mwaka mvula ikisha kuanguka mara mbili tatu hapa Lubumbashi, pembeni ya barabara kunajaa miti mu tusashe tweusi, yote iko kijani, yote inangaa, na mwenye lupango anasimamisha motokari ananunua kumi bila kuuliza hata jina. Mwaka wenye unafuata, mu mwezi wa kumi, ananiita nione, nakuta paka vijiti. Anasema ni mchwa. Anasema muuzishaji alimudanganya. Mara mingi shida haiko mchwa na haiko muuzishaji, shida ni kwamba alichagua muti wakati kila kitu iko kijani, na mu mvula hata kijiti ya mufagio inaweza kukudanganya kama inaota.

Tuangalie kwanza hali ya hewa yetu. Lubumbashi iko juu, metre 1,200 na kitu, njo maana hatuna joto ya Kinshasa. Mvula inatupata kuanzia mwezi wa kumi na moya mpaka wa tatu, kwa mwaka inatoa kama milimita 1,200, mu mwezi wa ine inakata, na kutoka wa tano mpaka wa kenda hakuna kitu, miezi tano mizima. Ndani ya ile miezi, wa sita na wa saba njo ya baridi, usiku inashuka chini ya digri 10, kuna asubuhi unaona pumuzi yako inatoka kama moshi, lakini saa sita ya muchana jua iko kali na ule upepo wa kusini mashariki unakausha nguo nzito mu masaa mbili. Kisha inafika mwezi wa kumi, joto inapita 30, mayi ya udongo imeisha, mvula bado. Muti mudogo inapigwa na baridi, inapigwa na ukavu, na wakati imesha kuchoka inapigwa na joto. Ile pigo ya mwisho njo inaua mingi, na batu banasema baridi njo iliua.

Sasa hii baridi yetu iko ya namna gani? Ni baridi ndogo, na kwa kuchagua miti baridi ndogo iko na mutego wake. Batu banaenda Afrika ya Kusini banarudia na miche ya pome, banasema si kwetu pia kunakuwaka baridi. Muti ya pome ya kawaida inaomba masaa kama 800 mpaka 1,000 ya baridi yenye iko chini ya digri 7, njo inajua sasa nimelala ya kutosha, niamuke. Kwetu haipati hata karibu na ile, basi inaamuka kipande kipande, tawi moya inatoa majani na ya pembeni inalala, maua mbili tatu zinatoka halafu zinaanguka, na wewe unamwanga mayi miaka sita unangojea pome. Kama moyo inakusukuma kabisa, uliza aina yenye inaomba baridi kidogo, iko moya inaitwa Anna, ilitengenezwa Israeli na inatosheka na masaa kama 300, lakini hata ile mimi siwezi kukuahidi. Na kwa upande ingine, vitu vya joto la bahari, minazi, kakao, havitakufa siku moya, vitakaa tu vimekunjamana na havitakupa kitu. Sisi tuko katikati. Muti yetu ni ile yenye haiombi baridi ili iamuke na tena haiogopi kabaridi ka digri 6 usiku mbili tatu.

Na ndani ya muji moya baridi haiko sawasawa. Hii niliilipa na feza yangu. Miaka ya nyuma nilipanda flamboyanti kumi na mbili kwa shamba ya ndugu yangu upande wa Kafubu, chini kabisa mu dembo, ile bonde yenye mayi inasimamaka, juu udongo ulikuwa mweusi na ulikuwa na unyevu hata mu kiangazi, nilifikiri nimepata paradizo. Asubuhi moya ya mwezi wa saba tulikuta majani yote imekuwa nyeusi na laini kama lengalenga yenye imepikwa. Juu, mwendo wa dakika tano tu kwa kilima, flamboyanti ya jirani ilikuwa salama. Hewa ya baridi inatiririkaka chini kama mayi, usiku wenye hauna mawingu na hauna upepo inajikusanya mu bonde na inalala pale mpaka jua itoke. Kwa hiyo kama lupango yako iko chini ya mutelemuko ao karibu na dembo, usipande pale kitu yenye inapenda joto, na usijenge ukuta bila tundu upande wa chini, ukuta inashika ile baridi ndani kama beseni.

Ushauri wangu wenye ninapatiaka kila mutu ni huu: mbele ya kununua muti hata moya, mu mwezi wa munane ao wa kenda mwanzoni, chukua muchana moya utembee kwa miguu. Tembea mu avenyu za zamani, pita mu jardin zoologique, pita mu lupango za kanisa na za masomo, na uangalie muti gani iko na majani mazuri pasipo mutu kuimwangia mayi. Uliza bazee banaokaa pale iko na miaka ngapi. Ile muti imesha kufanya mutihani wa Lubumbashi mara makumi, hakuna karatasi ya pepinyere, kwenye banakuza miche ya kuuzisha, yenye itakuambia zaidi.

Ukitoka nje ya muji ile mwezi utaona kitu ingine, na mimi mpaka leo inanigusa kila mwaka. Muputu na mutondo, miti ya pori yetu, zinatoa majani mapya, nyekundu nyekundu, zingine kama divai, wakati mvula haiyaanguka hata tone. Mayi inatoka wapi? Inatoka chini, ku mizizi yenye ilichimba miaka mingi kutafuta mayi ya mvula ya zamani. Miti ya kwetu njo inajua mahali tuko. Na sisi tunaikata tunafanya makala, kisha tunaenda kununua ka muti ka nje ka kupandia mu lupango. Inaniuma kusema lakini nasema.

Shida ni kwamba miti ya pori haipendi kuhamishwa. Ukichimbua muputu ndogo mu pori ukaleta kwako, itakufa, juu muzizi wake wa katikati umesha kushuka kuliko urefu wa muti wenyewe na jembe yako imeukata. Mulombwa ni vile vile na inazidi: miaka yake ya kwanza inakauka juu kila kiangazi, unaona kama imekufa, lakini chini inajenga muzizi, mvula ikirudia inatoka tena, na inafanya vile miaka kadhaa mpaka siku ile inaamua kupanda juu. Batu bengi banaing'oa mu mwaka wa pili. Usiing'oe! Zungushia majiwe, andika alama, ngojea. Ukiwa na subira, watoto bako bataona yale maua ya manjano na yale matunda ya mviringo kama sahani yenye miba katikati.

Kwa mwenye anataka kuanza na kitu ya kwetu bila kuteseka sana, mimi ninapendaka mupundu na musafwa, zote mbili zinabakia na majani mu kiangazi na watoto banakula matunda, ijapokuwa mbegu ya mupundu iko nguvu na inachukua wakati kuota. Mupapa nayo, ile yenye mbegu nyeusi na kakofia ka rangi ya machungwa, kwaruza kidogo ngozi ya mbegu upande wenye hauko na kofia, iache mu mayi usiku moya, itaota bila shida, inaenda polepole lakini kivuli yake mutu hasahau. Masuku panda mbegu mara moya, wiki ileile ulikula tunda, juu ikikauka imekufa. Na kwa masuku na muputu, chukua ndoo moya ya udongo chini ya muti mama mu pori uchanganye na udongo wa sashe yako. Haiko uchawi: mu ule udongo kunaishi uyoga mudogo wenye unashikana na mizizi na unaisaidia kunywa na kula, bila ule uyoga muti inakaa manjano na haikui. Ni palepale unaokotaka bowa mu mvula, unaelewa sasa kwa nini bowa zinapenda chini ya miti ile.

Ya kutoka nje sikatai, kuna zenye zimekuwa ndugu zetu. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini, upande wa Argentina na Bolivia, kule pia kuna kiangazi chenye baridi ndogo, njo maana ilikubali hapa na mu mwezi wa kenda na wa kumi barabara zinakuwa zambarau. Itaenea metre 10 kwa upana, basi usiipande metre mbili na nyumba. Sita ni ya chini kabisa. Flamboyanti ilitoka Madagascar, inapenda joto kuliko jakaranda, kwa hiyo miaka mbili ya kwanza ikingie baridi na nyasi kavu ao kipande ya gunia usiku, na mizizi yake inatembea juu ya udongo na inapasua simenti. Terminaliya, ile yenye inafanya ghorofa ghorofa kama miavuli, nayo ni ya Madagascar, mizizi yake haina fujo sana na kwa lupango ndogo ya metre 15 kwa 20 njo ninapendekezaka. Greveliya ya Australia inaenda haraka na inakata upepo vizuri, lakini tawi yake inavunjika mu mvula ya nguvu, haiko ya kuweka juu ya matole na juu ya waya za umeme.

Kaliptusi kwa lupango, hapana. Inakunywa mayi na haiulizi ni ya nani, na kama uko na kisima, kisima ya jirani pia itasikia. Na ni yenyewe mchwa inapenda kula ikingali ndogo. Fikusi ya majani madogo, ile tunakata mviringo, iko nzuri mu chungu, lakini karibu na fosi septiki ao na tiyo ya mayi itakutafuta: muzizi unanusa unyevu, unaingia mu tundu yenye hata unywele hauwezi kuingia, kisha unanenepa ndani. Nimesha kuona fosi imefunguka kama yai.

Mwembe na avoka? Panda, sikatazi, kila familia inataka. Avoka tu usiipande mahali mayi inasimama mu mwezi wa pili, mizizi yake inaoza na majani inaanza kukauka kutoka juu, hapo dawa hakuna.

Kupanda: chimba shimo mu mwezi wa kumi, sentimetre 60 kwa 60, ukiweka udongo wa juu pembeni moya na ule mwekundu wa chini pembeni ingine. Udongo wetu mwekundu uko na asidi na hauna chakula mingi. Kama kuna kichuguu karibu, ile kubwa kubwa zetu zenye zinapita nyumba, ule udongo wake uko na chokaa na unashika mayi, changanya beseni moya na mbolea ya ngombe yenye imeoza kabisa na ule udongo wa juu. Panda mvula ikisha kusimama vizuri, mwisho wa kumi na moya ao mwezi wa kumi na mbili. Mwenye anapanda mwezi wa tatu anapatia muti wiki ine tu za kushika udongo mbele ya kiangazi, na ile haitoshi. Toa sashe kabisa, nimesha kukuta miti ya miaka tatu ingali na plastiki mu mizizi. Na chagua muti mufupi, nene, kuliko murefu mwembamba wenye mizizi imesha kuzunguka mu sashe kama kamba.

Kwa benye banakaa upande wa Penga Penga, kule upepo ulisukuma moshi wa shimini ya fabriki ya shaba miaka mingi, udongo uko na shaba ndani na muti ingine inakataa kabisa. Kule ongeza chokaa na kompositi mingi mu shimo, inafunga shaba isiingie mu mizizi, na usifagie majani yenye inaanguka.

Mu kiangazi ya kwanza, mwanga bidoni moya ya litre 20 mara moya kwa wiki, yote kwa mara moya, polepole, kuliko kikombe kila siku. Kikombe inalowanisha juu tu na mizizi inapanda juu kutafuta, kisha jua inaichoma. Funika na nyasi kavu lakini iache kiganja moya mbali na shina, nyasi yenye inagusa shina njo daraja ya mchwa. Mchwa yenyewe inashambulia sana muti yenye imechoka na kiu, ukimwanga vizuri umesha kupigana nusu. Mwaka wa pili, mara moya kwa wiki mbili. Mwaka wa tatu usimwange, ila ukiona majani imekunjamana asubuhi mapema, mbele jua haijatoka; ikikunjamana saa nane ya muchana tu kisha mangaribi inasimama, iko inajifunza, iache.