Kabla ya Kilatini, anza na kitabu

Walimu wenzangu wa Kiingereza, kabla hujawapa watoto orodha ya maneno 20 wakariri, jaribu hivi. Mimi na Gredi ya 7 yangu hapa Nairobi tulianza na Kiswahili. Andika ubaoni: kitabu, katibu, maktaba, katiba, mkataba. Waulize ni herufi zipi zinazojirudia. Watakwambia k, t, b. Huo ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika, na wameutumia tangu chekechea bila kujua.

Baada ya hapo Kilatini, chenye mizizi ya maneno mengi ya Kiingereza, hakiwatishi. Portare ni kubeba. Ex- ni nje, im- ni ndani, trans- ni ng'ambo. Usiwape maana ya export, import wala transport, waache wazifungue wenyewe. Ukivumilia kimya cha dakika mbili hivi (kimya kigumu, nakiri), atatokea mmoja aseme report ni kurudi umebeba habari.

Ila wanachokipenda zaidi ni neno basi, lile gari la abiria. Limetokana na omnibus, Kilatini cha "kwa wote", na tumebaki na kimkia chake tu. Darasa langu lilicheka: kumbe makanga anayeita "mmoja wa mwisho!" wakati gari limejaa pomoni anafuata Kilatini.

Angalia tu wasidhani kila neno lenye port ni ndugu wa portare. Portion, kwa mfano, imetoka kwa portio, yaani fungu. Kwa hiyo kamusi inayoonyesha asili ya maneno isikae kabatini, ikae mezani pao.