SOMO: 4-4-2 ya kubana na kushtukiza, kwa makocha wa mchangani

Hapa Tanga ukimshauri kocha wa ndondo akae chini na 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne wakiwemo mawinga wawili, washambuliaji wawili), atakwambia mashabiki watamzomea kwamba amepaki basi, yaani amerudisha timu nzima kulinda goli. Waache wazomee. Leicester City walibeba ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 kwa mfumo huu, pointi 81, mechi walizopoteza tatu tu, na mara nyingi mpira ulikuwa miguuni mwa wapinzani. Siri iko kwenye umbali kati ya mchezaji na mwenzake, na kwenye pasi ya kwanza mkishanyang'anya.

Hatua ya 1: Umbali
Uwanja mkubwa una upana wa mita 68 hivi. Mabeki wanne hawawezi kuuziba wote, kwa hiyo msijisumbue. Beki na beki waachane mita 8 hadi 10, na upande usio na mpira uachwe wazi. Kutoka beki wa mwisho hadi washambuliaji, mita 25 hadi 30.

Mazoezini tafuta kamba ya katani, kwetu haikosekani. Wafunge mabeki wanne viunoni, mita nane nane. Sogeza mpira kulia, kisha kushoto, kwa mwendo wa kutembea, wasije wakaangushana. Anayechelewa atavutwa. Mara nyingi ni beki wa kushoto: mpira uko kulia, yeye kasimama kulekule pembeni anamlinda winga ambaye hakuna wa kumpa pasi. Wakishazoea, toa kamba, mfanye vivyo hivyo na viungo wanne.

Siku ukienda uwanja wa Mkwakwani, usiuangalie mpira kwa dakika tano. Angalia mabeki tu, utajifunza mengi kuliko kwenye somo hili.

Hatua ya 2: Wakati wa kubana
Msimkimbilie kila mwenye mpira. Washambuliaji wawili wakae karibu na duara la kati, wazibe njia ya kwenda kwa namba sita wao (kiungo mkabaji). Subirini ishara: pasi imekwenda kwa beki wa pembeni, mpokeaji ameligeuzia mgongo goli lenu, au mpira umemdunda vibaya (kwenye viwanja vyetu hiyo haikawii). Hapo winga anatoka, beki wa pembeni anapanda nyuma yake, kiungo wa kati anafunga ndani. Chaki ya pembeni inawasaidia kukaba.

Hatua ya 3: Kutoka
Mkinyang'anya, pale pana msongamano. Pasi ya kwanza itoke hapo, imfikie mshambuliaji anayeshuka. Ya pili iende nyuma ya beki wao aliyepanda. Wanaokimbia ni watatu: mshambuliaji wa pili na mawinga wote wawili. Mabeki wa pembeni wabaki. Mkifika katikati mkakuta wamesharudi, msilazimishe. Chezeni mpira, mpumue.

Kipa asimame mbele kidogo ya mstari wake, afagie mipira mirefu.

MASWALI

*Beki, Makorora:* Shikamoo mwalimu. Upande tuliouacha wazi wakibadilisha mpira ghafla je?
Jibu: Marahaba. Mpira mrefu unachukua muda angani, na muda huo ndio wa kusogea wote kwa pamoja. Ukimwona mpigaji ameinua kichwa na hakuna anayembana, anza kusogea kabla hajapiga.

*Kocha wa timu ya wasichana, Ngamiani:* Kaka, wangu wakifika dakika ya 60 mawinga wamekwisha.
Jibu: Dada, mawinga ndio wanaoumia kwenye mfumo huu, wanakaba na kushambulia. Sabu zako za kwanza ziwe za hao. Na punguza kuwatoa kubana. Kipindi cha pili subirini ndani ya nusu yenu.

*Kocha, Pongwe:* Nina namba tisa (mshambuliaji wa kati) mzito, hakimbii.
Jibu: Mpe kazi ya kushuka na kuushikilia mpira. Mwenye kasi awe wa pili. Wote wawili wakiwa na kasi, hakuna wa kuwasubiria wenzake.

*Shabiki, Chumbageni:* Mgosi, mkifungwa bao la mapema mnafanyaje? Mpinzani si atakaa chini na yeye?
Jibu: Atakaa, na hapo ndipo mfumo huu unapobanwa. Mimi humtoa kiungo mmoja wa kati, namwingiza mwenye pasi nzuri, na beki mmoja wa pembeni anapanda. Mmoja tu. Krosi na kona zinakuwa nyingi, kwa hiyo mazoezi ya kona yasikosekane kwenye wiki yenu.